Daktari Ribeiro na Tauni ya Nairobi

Rosendo Ayres Ribeiro alizaliwa mwaka 1871 huko Goa, pwani ya magharibi ya India, eneo lililokuwa koloni la Ureno. Baada ya kuhitimu udaktari alivuka bahari, akawasili Nairobi mwaka 1900, wakati ambapo mji ulikuwa mabati na mahema yaliyotapakaa kando ya kinamasi. Ndiye aliyekuwa daktari binafsi wa kwanza mjini humo. Alianza kutibu watu hemani, na wakazi wakazoea kumwona akiwazuru wagonjwa juu ya pundamilia aliyemfuga.

Mwaka 1902 alipokea wagonjwa wawili wa Kisomali, akatambua kuwa wameshikwa na tauni. Aliiarifu serikali bila kukawia. Afisa wa afya aliamuru soko la Wahindi liteketezwe, na zahanati ya Ribeiro, iliyokuwa humo, ikageuka majivu. Ukweli alioutoa ulimgharimu mwenyewe. Baadaye alifidiwa kiwanja.

Je, moto ulitosha? Alexandre Yersin alikwisha kuitambua bakteria ya tauni huko Hong Kong mwaka 1894. Aidha, mwaka 1898 Paul-Louis Simond alieleza kwamba viroboto wa panya ndio huieneza, ingawa wengi hawakumsadiki. Nyumba huungua, ilhali panya hukimbia. Palipo na taka, msongamano na maji machafu, panya hurudi na maradhi yake. Ndivyo ilivyokuwa: tauni ilizuka tena katika miaka iliyofuata. Mwaka 1913 Profesa William Simpson alitumwa kutoka Uingereza kuchunguza hali ya afya, naye akapendekeza mitaa itenganishwe kwa misingi ya rangi. Hivyo hofu ya ugonjwa ikawa hoja ya kuugawa mji, Wazungu wakihifadhiwa penye miinuko na hewa safi, huku wengine wakisongamana mabondeni.

Ribeiro aliendelea kutibu. Kuanzia mwaka 1914 hadi 1922 alikuwa pia naibu balozi mdogo wa Ureno. Kadhalika, alichangia ujenzi wa shule ya Wagoa katika kitongoji cha Parklands, ambayo ingali na jina lake. Alifariki mwaka 1951.

Misingi ya kuzuia maradhi ni mitatu: kutambua mapema, kutoa taarifa kwa uaminifu na kuondoa chanzo. Ribeiro alitimiza miwili ya kwanza kwa hasara yake. Wa tatu ulihitaji mifereji, maji safi na makazi bora kwa wote, na huo haukuwa mzigo wa daktari mmoja.