Henry Wallace: Kijana Aliyekataa Mashindano ya Urembo ya Mahindi

Shosho wangu ushago ana mtindo wake. Akishavuna, anachagua mahindi yenye sura nzuri, mistari imenyooka, anayaning'iniza jikoni juu ya moshi yawe mbegu ya msimu ujao. Kuna kijana mmoja wa Marekani ambaye angembishia.

Henry Wallace alizaliwa Oktoba 1888 jimboni Iowa, kwenye mashamba makubwa ya mahindi. Akiwa mtoto mdogo, alizungushwa vichakani na George Washington Carver, mwanafunzi Mweusi aliyezaliwa utumwani, ambaye alimfundisha kuangalia mimea kwa makini.

Siku hizo huko Iowa mahindi yalishindanishwa kwa urembo, kama mamiss! Majaji waliangalia umbo na punje, wakaamini hindi zuri ndilo mbegu bora. Wallace, bado kijana wa shule, hakubali. Akachukua mahindi yaliyosifiwa na yaliyodharauliwa, akapanda kila hindi mstari wake, akavuna, akapima. Kumbe baadhi ya yale mabaya kwa sura ndiyo yaliyozaa zaidi, na mrembo aliyepewa namba moja akaachwa nyuma.

Baadaye akaingia kwenye haibridi. Kazi yenyewe ni hivi: unachavusha mhindi kwa chavua yake mwenyewe, vizazi kadhaa, mpaka unakonda. Kisha unakutanisha koo mbili kama hizo, na mtoto anatoka na nguvu kuwashinda wazazi wote wawili. Mwaka 1926 Wallace alianzisha kampuni ya kuuza mbegu hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, karibu Iowa nzima ilikuwa ikipanda haibridi.

Siasa nayo ikamwita. Alikuwa Waziri wa Kilimo kuanzia 1933, kisha Makamu wa Rais Roosevelt 1941 hadi 1945. Kabla ya kuapishwa alizuru Mexico, akaona wakulima wakitoa jasho jingi kwa mavuno kiduchu. Akahimiza watafiti wapelekwe huko, na mradi uliofuata ndio uliozaa CIMMYT, kituo ambacho leo kinazalisha aina mpya za mahindi hata hapa Kenya.

Chama kilimwacha, Truman akachukua nafasi yake. Miezi mitatu tu baadaye Roosevelt akafariki, na Truman akawa rais. Wallace aligombea mwenyewe 1948, akabwagwa vibaya. Akarudi shambani, akaendelea na majaribio yake hadi alipofariki Novemba 1965.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Kitale ilikuwa imetoa H611, haibridi iliyochanganya mahindi ya kwetu na ya Ecuador. Magunia yakaongezeka. Lakini haibridi ina bili yake: ukipanda punje ulizovuna, nguvu inashuka, kwa hivyo kila msimu lazima ununue pakiti mpya.

Shosho akikosa pesa ya pakiti, anarudia yale ya juu ya moshi. Bado ni marembo.