Hutchinson: mwanazuoni wa nasaba ya pamba

Msimu uliopita wa pamba nilikuwa kwetu Ngulyati, wilayani Bariadi. Tukiwa barazani jioni, mzee mmoja aliniuliza swali lililowachekesha vijana. Alitaka kujua kwa nini mbegu wanazogawiwa miaka nenda rudi zinaitwa UK: UK 77, UK 91, na hii ya karibuni UKM 08. Je, nchi ilipata uhuru lakini pamba bado ni ya Uingereza? Nilimjibu kuwa UK hapo ni Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichoko Misungwi, mkoani Mwanza. Mzee akaridhika. Lakini nilipokuwa njiani kurudi mjini nikaona kuwa kicheko cha wale vijana hakikuwa na haki, kwani swali lile lina mizizi. Kati ya watu walioijenga elimu ambayo kwayo mbegu ile ilichaguliwa, mkubwa wao alikuwa Mwingereza, na miaka yake muhimu aliimaliza hapa jirani, Uganda.

Jina lake ni Joseph Burtt Hutchinson. Alizaliwa mwaka 1902 huko Burton Latimer, katikati ya Uingereza, katika familia ya wakulima wa madhehebu ya Quaker. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1924 akaajiriwa na Shirika la Kukuza Kilimo cha Pamba katika Dola ya Kiingereza.

Ndugu msomaji, tusimame kidogo hapa. Shirika hilo liliundwa mwaka 1921, na lengo lake halikuwa kumnufaisha mkulima wa Usukuma wala wa Busoga. Viwanda vya nguo vya Lancashire vilikuwa vikitegemea mno pamba ya Marekani, na wenye viwanda wakataka ilimwe katika makoloni. Hutchinson aliingia katika kazi hiyo akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, na hatuna sababu ya kudhani kuwa hakujua mshahara wake unatoka wapi.

Walimpeleka Trinidad, kisiwa cha Karibi, akawa msaidizi wa S. C. Harland katika kituo cha utafiti wa pamba. Hapo ndipo alipojifunza sayansi ya urithi, yaani jenetiki: kuzalisha pamba ya aina hii na ya aina ile, kuhesabu watoto, kisha wajukuu, na kuangalia umbo la jani, rangi ya ua na urefu wa nyuzi hurithiwa kwa utaratibu gani. Ni kazi ya subira. Pamba ina msimu mmoja kwa mwaka, na swali moja laweza kula miaka minne.

Mwaka 1933 alihamia Indore, India, akakaa hadi 1937. Huko aliandika makala kadhaa pamoja na V. G. Panse, Mhindi aliyekuja kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa takwimu za kilimo nchini mwake. Makala hizo zilihusu namna ya kupanga mashamba ya majaribio ili mtafiti asidanganywe na kipande cha ardhi chenye rutuba kuliko jirani yake. Zinaonekana kavu, lakini mimi naziona kuwa za thamani sana. Aina ya mbegu ikisifiwa kuwa bora wakati ubora ulikuwa wa udongo, anayelipa gharama ni mkulima.

Alirudi Trinidad mwaka 1937, safari hii akiwa mkuu wa kazi ya jenetiki, na mwaka 1947 kikatoka kitabu kilichompa jina duniani, alichokiandika na wenzake wawili, R. A. Silow na S. G. Stephens. Kinahusu chimbuko la jamii zote za pamba na namna zile zinazolimwa zilivyotofautiana. Ili tukielewe, tujue kwamba pamba zinazolimwa duniani ni za jamii nne. Mbili ni za Afrika na Asia, na kila chembe hai yake ina kromosomu 26, zile nyuzi ndogo zinazobeba urithi. Mbili ni za Amerika, nazo zina kromosomu 52. Pamba ya Ngulyati ni ya kundi hili la pili, sawa na zaidi ya asilimia 90 ya pamba yote inayouzwa duniani. Mwaka 1934 A. Skovsted, aliyekuwa naye Trinidad, alikwishaonyesha kuwa hizo 52 ni mchanganyiko: nusu zinafanana na za pamba ya Afrika na Asia, nusu na za pamba mwitu ya Amerika.

Basi jamii mbili zilizotenganishwa na bahari zilikutanaje? Hutchinson na wenzake walipendekeza kuwa binadamu ndiye aliyeibeba pamba ya Asia akavuka nayo Bahari ya Pasifiki, ikakutana na ile ya mwituni. Walikosea. Vipimo vya vinasaba vya miongo ya baadaye vimeonyesha kuwa mchanganyiko huo ulitokea kati ya miaka milioni moja na mbili iliyopita, wakati hakukuwa na mkulima wala mtumbwi. La kufurahisha ni kwamba mmoja wa waandishi wenyewe, Stephens, aliendelea kuichunguza njia nyingine. Alizitia mbegu za pamba katika maji ya chumvi kupima kama zaweza kuelea safari ndefu na bado zikaota, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1966 yaliupa nguvu uwezekano huo. Sikioni hicho kama kioja cha wazungu. Kitabu kile kilipanga ushahidi kwa uwazi kiasi kwamba kosa lake lilionekana, na kwa hiyo likaweza kusahihishwa.

Mwaka 1944 Shirika lilimfanya mkuu wa wataalamu wake wote wa jenetiki, akahamia Sudan. R. L. Knight alikuwa huko akihamishia katika pamba nzuri kinga dhidi ya ugonjwa wa bakteria unaoozesha vitumba. Kisha mwaka 1949 Hutchinson akaja Uganda kuwa mkurugenzi wa kwanza wa kituo kipya cha Namulonge, kaskazini ya Kampala, kilichokusudiwa kuwa makao makuu ya utafiti wa pamba kwa nchi zetu zote.

Hapo Namulonge ndipo naona ubora wake. Angeweza kukaa na kuhesabu kromosomu tu, kwani mwaka 1951 alikwishachaguliwa katika Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi wa Uingereza. Badala yake alitaka jenetiki ikae meza moja na udongo, maji na mvua. Mwenzake H. L. Manning alitafuta njia ya kukadiria ni mvua kiasi gani mkulima anaweza kuitegemea, si wastani wa mvua ambao humhadaa mtu. Mwaka 1958 Hutchinson, Manning na Farbrother walichapisha makala juu ya mahitaji ya maji ya mmea wa pamba. Mkulima yeyote wa Simiyu anayetazama mawingu mwezi wa Desemba anajua uzito wa swali hilo.

Makala yake ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 1954. Humo alileta ushahidi kuwa pamba za kale za Afrika na Asia zina mzazi ambaye bado anaota mwituni kusini mwa Afrika. Vipimo vya miaka ya baadaye vikaongeza jambo: katika ule mchanganyiko wa kromosomu 52, upande wa mama ni wa ukoo huo wa Afrika na Asia, na ndio ukoo uliokuwa na nyuzi ndefu za kusokotwa. Mzee wa Ngulyati hakuwa na haja ya kuona haya kwa swali lake. Pamba yake ilikuja kwa meli za wakoloni kutoka Amerika, lakini nasaba ya mama yake ina mizizi katika bara hili.

Kuanzia 1953 hadi 1957 alikuwa pia mwenyekiti wa Baraza la Chuo cha Makerere. Hata hivyo, katika miaka hiyo watafiti wa Namulonge walikuwa wazungu, na Waafrika walilima, walivuna na kupima. Kule India jina la Panse lilisimama sambamba na lake juu ya makala. Hapa kwetu hilo lilichelewa, na sioni udhuru wa kutosha kwa mtu aliyeketi kwenye kiti cha Makerere.

Mwaka 1956 alipewa cheo cha Sir, na mwaka 1957 akarudi Cambridge kuwa profesa wa kilimo hadi 1969. Uzeeni aliandika zaidi juu ya chakula na idadi ya watu kuliko juu ya pamba. Alifariki Januari 1988.

Namulonge ilitoka mikononi mwa Shirika mwaka 1972, na leo ni taasisi ya taifa la Uganda inayojulikana zaidi kwa mihogo. Urithi wa miaka ile ulikuwa na sharti moja ambalo Uganda ililitekeleza kwa muda mrefu: ukanda mmoja, mbegu moja. Pamba ya BPA ilikuwa ya kusini na magharibi, SATU ya kaskazini na mashariki, wala hazikuchanganywa kiwandani. Sababu ni nyepesi. Mbegu ya mwakani hutoka katika kiwanda kile kile kinachochambua pamba ya mwaka huu. Zikimwagwa rundo moja, kazi ya miaka kumi na mitano ya mtafiti hupotea mchana mmoja, na hakuna jicho la mkulima litakaloweza kuitenganisha tena.

Mzee yule alinionyesha shamba lake kabla sijaondoka. Mstari mmoja ulikuwa na miche mirefu na mifupi, yenye majani ya manyoya na yasiyo na manyoya, yote kutoka mfuko mmoja alionunua kuwa ni UKM 08. Yale manyoya ya jani ndiyo kinga dhidi ya yule mdudu mdogo wa kijani anayefyonza jani mpaka likajikunja na kuwa jekundu. Katika miche isiyo nayo, majani yalikuwa yameshaanza kujikunja.