Fadhili William: Mwimbaji Aliyepitwa na Wimbo Wake

Wapo wanaoamini kuwa Malaika ni wimbo wa Miriam Makeba wa Afrika Kusini. Wengine, hasa waliokuwa vijana katika miaka ya 1980, waliufahamu kupitia kundi la Boney M. Kabla ya hao wote, hata hivyo, wimbo huo ulirekodiwa nchini Kenya na kijana wa Kitaita, marehemu Fadhili William.

Fadhili William Mdawida alizaliwa mwaka 1938 huko Taita, nchi ya milima iliyo kati ya Mombasa na mlima Kilimanjaro. Jina lake la mwisho lilitosha kutambulisha asili yake, kwani Mdawida ndilo jina ambalo Mtaita hujiita kwa lugha ya kwao. Mwaka 1960, akiwa na bendi ya Jambo Boys, alirekodi Malaika. Baadaye alipiga muziki katika Equator Sound Band ya Nairobi, pamoja na Daudi Kabaka, Nashil Pichen na Peter Tsotsi.

Kisa cha wimbo huo ni chepesi. Kijana anampenda msichana na anatamani kumwoa, lakini mali hana. Msikilizaji wa Afrika Mashariki, anayejua uzito wa mahari, hahitaji kufafanuliwa.

Ajabu ni kwamba wimbo huo uliwateka hata wasiojua neno moja la Kiswahili. Mwaka 1965 Makeba aliuimba na Harry Belafonte katika albamu iliyotunukiwa tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Mwaka 1967 ulirekodiwa na Hep Stars, vijana wa Sweden waliopiga muziki wa roki. Mpiga kinanda wao, Benny Andersson, ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa ABBA. Mwaka 1981 Boney M waliutia mdundo wa disko, na mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin akaurudia katika albamu yake Logozo. Mwendo ulibadilika na matamshi yalipinda hapa na pale, lakini sauti ya wimbo ilibaki ile ile.

Kila uliporudiwa, swali la mwenyewe lilizidi uzito. Kwa kawaida ya hakimiliki, wimbo unaporekodiwa na mwingine, anayestahili fungu ni mtunzi, wala si mwimbaji aliyetangulia. Fadhili alitambuliwa kwa miaka mingi kuwa mtunzi wa Malaika. Lakini Adam Salim, mwanamuziki wa Tanzania, alishikilia kwamba yeye ndiye aliyeutunga mjini Nairobi katika miaka ya 1940, Fadhili akiwa bado mtoto. Wako waliomsadiki na wako waliomkana, na mzozo huo haujapata hukumu inayokubaliwa na wote.

Fadhili aliishi Marekani kwa miaka mingi, kisha akarejea Kenya katika miaka ya 1990. Alifariki dunia mjini Nairobi tarehe 11 Februari 2001, akiwa na umri wa miaka 62. Utunzi wa Malaika ungali unabishaniwa. Kuhusu santuri, mambo ni bayana: Makeba, vijana wa Sweden na Boney M wote walikuja nyuma ya Mtaita huyo na wenzake wa Jambo Boys.