Maisha ya Marehemu Mohamed Amin, Mpiga Picha

Watoto wengi hupenda kutazama sinema, na ikiisha hurudi nyumbani wakaisahau. Lakini wapo wachache ambao picha huwaingia moyoni zisitoke tena. Mmoja wao alikuwa marehemu Mohamed Amin, ambaye watu walimwita Mo kwa kifupi. Yeye hakutosheka na kutazama picha. Alitaka kuzipiga mwenyewe, na hamu hiyo aliyoipata utotoni ndiyo iliyomwongoza mpaka siku ya kufa kwake.

Mohamed Amin alizaliwa tarehe 29 Agosti 1943 katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Wazazi wake walikuwa Waislamu wenye asili ya Bara Hindi, wala hawakuwa matajiri. Baba yake alikuwa mtumishi wa reli. Mtoto alipokuwa bado mdogo, jamaa yote ilihamia Dar es Salaam. Huko, alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, alipata kamera kuukuu aina ya Box Brownie. Kamera hiyo ilikuwa kama kisanduku tu, haina mambo mengi, lakini kwa kijana yule ilikuwa mali kubwa. Shuleni akajiunga na chama cha wapiga picha, akajifunza kusafisha filamu katika chumba cha giza, na kabla hajamaliza masomo alikuwa ameanza kuuza picha zake magazetini.

Mwaka 1963 alianzisha Dar es Salaam kampuni yake mwenyewe, akaiita Camerapix. Mwaka uliofuata yakatokea mapinduzi ya Unguja, naye akavuka bahari kwenda kuyapiga picha. Lakini kazi hii ina hatari zake. Mwaka 1966 alikamatwa huko huko Unguja kwa ajili ya picha alizozipiga, akafungwa gerezani karibu mwezi mzima. Mtu mwingine angaliacha kamera akatafuta kazi ya duka. Yeye alipofunguliwa alikwenda Nairobi, akaendelea. Mwaka 1969, Tom Mboya alipouawa, Mohamed Amin alifika mapema akapiga picha za msiba ule, na mwaka huo huo akapewa tuzo Uingereza kwa kazi yake.

Jambo lililomfanya ajulikane ulimwenguni kote lilitokea Oktoba 1984. Njaa kali iliingia kaskazini mwa Ethiopia, na watu walikuwa wakifa kila siku, ila ulimwengu haukujali. Mohamed Amin alikwenda Korem pamoja na Michael Buerk, mtangazaji wa BBC. Picha alizozipiga zilionyeshwa Uingereza tarehe 23 Oktoba, kisha katika vituo zaidi ya 400 vya televisheni duniani. Watu walioziona walishindwa kula chakula chao kwa amani. Bob Geldof alikusanya waimbaji wakatoa wimbo wa kuchangisha fedha, waimbaji wa Marekani wakafanya vivyo hivyo, na tarehe 13 Julai 1985 ikafanyika tamasha kubwa London na Philadelphia kwa siku moja. Misaada mingi ikafika, na roho nyingi zikaokoka.

Wako wanaosema kwamba kumpiga picha mwenye njaa ni kumwaibisha. Neno hilo lina haki yake, maana hakuna apendaye kuonekana katika unyonge wake. Lakini mimi naona aibu kubwa zaidi ilikuwa ya wale waliokuwa na chakula wasijue, au waliojua wakanyamaza. Picha zile ziliwanyima udhuru.

Juni 1991 alikuwa Addis Ababa ghala la silaha lilipolipuka. Msaidizi wake, John Mathai, alikufa pale pale, na yeye mwenyewe akapoteza mkono wake wa kushoto. Wengi walidhani kazi yake imekwisha, kwa kuwa kamera ya sinema ni nzito. Kumbe sivyo. Alikwenda Marekani akatengenezewa mkono wa bandia, akarudi kazini.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopia kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Watu watatu waliiteka, wakamlazimisha rubani awapeleke Australia ijapokuwa mafuta hayakutosha. Waliookoka walisimulia kwamba Mohamed Amin alisimama akabishana na watekaji. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka baharini karibu na Ngazija, na kati ya watu 175 waliokuwamo 125 walikufa, naye akiwa mmoja wao. Alikuwa na umri wa miaka 53. Mwanawe, Salim, aliishika kazi ya baba yake, na mwaka 2006 akatoa sinema juu ya maisha yake.

Ndugu wasomaji, siku hizi kamera imo ndani ya simu, na hata hapa Rubya si kitu cha ajabu kama ilivyokuwa Box Brownie kwa mtoto yule. Kwa hiyo haifai kusema kwamba tumekosa vyombo. Mohamed Amin alianza na kisanduku kikuukuu, akakipenda, akajifunza kukitumia vizuri, wala hakukubali gereza wala jeraha limtenge na kazi yake. Kila mmoja wetu aliye na kitu anachokipenda tangu utotoni asikidharau. Akishike, akifanyie bidii, na akitumie kwa faida ya wenziwe.