Jenerali China: Mshahara wa jeshi ulipoisha, alibaki na nini?

Wewe kijana wa Free Area unayewaza kuingia jeshini ili upate mshahara wa uhakika, hauko peke yako. Waruhiu Itote alipita njia hiyo kitambo.

Alizaliwa Nyeri mwaka wa 1922. Alijaribu biashara Nairobi, haikuenda. Mwaka wa 1942 akajiunga na KAR, jeshi la mkoloni, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Alilishwa, akavishwa, akalipwa kila mwezi, akapanda hadi koplo. Shida ni kwamba mwanajeshi mzungu alilipwa zaidi. Vita vilipoisha, maaskari wazungu wakasaidiwa kupata mashamba kwenye nyanda za juu, hizi hizi zinazozunguka Nakuru yako. Na Mwafrika je? Hakuruhusiwa kumiliki hata ekari moja huko. Itote akaishia kuchochea moto wa garimoshi.

Basi ujuzi aliofunzwa na Mwingereza akauingiza msituni Mlima Kenya, akawa Jenerali China wa Mau Mau. Alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kifo, akaponea, akafungwa Lokitaung pamoja na Kenyatta. Baada ya uhuru alikuwa miongoni mwa wakubwa wa NYS, akiongoza vijana wa rika lako. Alifariki 1993.

Kwa hivyo kabla hujapanga foleni ya usajili, usiulize mshahara pekee. Uliza pia kuhusu pensheni, na ujuzi utakaobaki nao siku utakapovua sare.