MZEE KENYATTA NA RUFAA YA KAPENGURIA: KESI ILIYOKUFA IKAFUFULIWA

Leo ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama umelipia nusu saa tu hapo kafe, anza kusoma sasa hivi, barua pepe utafungua baadaye.

Nianze na mjomba wangu. Ana kesi ya shamba, ya miaka mingi. Alishindwa chini, akakata rufaa, akasubiri. Siku ilipofika akakopa nauli, akavaa koti lake la harusini, nikamsindikiza. Hatukumaliza hata dakika kumi mle ndani. Karatasi moja ilitakiwa iwemo kwenye kumbukumbu za rufaa, haikuwemo. Rufaa ikaondolewa. Mjomba akatoka nje akaniuliza kama ameshinda au ameshindwa, na mimi nikakosa la kumjibu, maana ukweli ni kwamba hakushindwa. Hakusikilizwa tu.

Nilikasirika sana. Nikaanza kusema mtaani kwamba hizi taratibu za mahakama zimewekwa kumkomoa mtu mdogo. Mzee mmoja jirani yetu, mwalimu mstaafu, akaniambia niache kelele, nikasome kwanza rufaa ya Jomo Kenyatta ya mwaka 1953, ndipo nirudi tuzungumze. Basi nikasoma. Mimi ni wa kidato cha nne tu, sina digrii ya sheria, lakini hiki kisa hakihitaji digrii.

Kenyatta mnamjua wote, kwa picha angalau: ndevu, usinga, fimbo. Alizaliwa miaka ya 1890 huko Kiambu, mwaka wenyewe hata yeye hakuwa na hakika nao, akiitwa Kamau wa Ngengi. Wamisionari wa Thogoto wakambatiza Johnstone mwaka 1914. Nairobi alifanya kazi kadhaa, maarufu zaidi ni ile ya kusoma mita za maji za manispaa. Ila kuna moja watu hawaitaji sana: kwa muda alikuwa mkalimani mahakamani. Yaani huyu bwana alishasimama katikati ya jaji mzungu na mshtakiwa Mwafrika, akaona kwa macho yake neno linavyotoka upande huu na kufika upande ule likiwa limebadilika. Hilo liweke kichwani, tutalirudia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Mahakama ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu Barth, ilitoa hukumu moja kwenye kesi ya ardhi ya Wakikuyu. Kwa hukumu ile, Mwafrika hana ardhi yake kisheria. Ardhi ni ya Mfalme wa Uingereza na wewe unakaa juu yake kwa hisani tu. Hebu fikiria, babu yako kazikwa pale, halafu karatasi inasema wewe ni mpangaji! Malalamiko ya ardhi ndiyo yaliyofanya chama cha Wakikuyu, KCA, kimchague Kenyatta kuwa katibu wake mwaka 1928 na kumtuma London mwaka 1929. Akarudi, akaenda tena 1931, na safari hii akakaa miaka kumi na mitano. Alisoma, akaandika kitabu juu ya mila za Wakikuyu kilichotoka 1938, akaoa huko, wakati wa vita akafanya kibarua cha shamba. Alirudi nyumbani 1946, na mwaka uliofuata akawa rais wa KAU.

Sasa tuje kwenye kesi.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Baring alitia saini hali ya hatari kwa ajili ya vita vya Mau Mau, na usiku ule ule Kenyatta akakamatwa nyumbani kwake. Wakamrusha kwa ndege hadi Lokitaung, kaskazini kabisa, Turkana. Tatizo likawa moja: wamshtaki wapi? Nairobi watu wangejaa. Wakachagua Kapenguria, kijiji kilicho mbali na reli, ambacho mtu wa kawaida haingii bila kibali. Lakini sheria ya mwenendo wa jinai ilitaka kesi isikilizwe mahali kosa lilipotendeka au mahali mshtakiwa alipokamatiwa. Kenyatta hakukamatiwa Kapenguria. Wakafanyaje? Wakampeleka yeye na wenzake Kapenguria, wakawaachia huru rasmi, halafu wakawakamata tena hapo hapo. Utaratibu umefuatwa! Nilipofika hapa nilicheka mpaka jamaa wa kompyuta ya jirani akanigeukia.

Walikuwa sita: Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba. Shtaka ni kuongoza Mau Mau, chama kilichopigwa marufuku, na kuwa wanachama wake. Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa ajili ya kesi hii, na serikali ikampa pauni 20,000. Mahakama ilikuwa darasa la shule. Simu hakuna. Maktaba ya sheria hakuna. Mawakili walilala Kitale na kila siku wakapigwa vumbi la barabara kwenda na kurudi.

Na mawakili wenyewe si mchezo. Kiongozi alikuwa Pritt, Mwingereza mwenye jina kubwa. Alikuwepo Chaman Lall kutoka India, Davies kutoka Nigeria, na vijana wa Kenya wenye asili ya Kihindi, Kapila, de Souza na Jaswant Singh. Na kwa sisi wa huku, yupo Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa na ofisi yake ya uwakili pale Moshi. Alitoka chini ya Mlima Kilimanjaro akaenda kusaidia kupanga utetezi. Hilo sikufundishwa darasani, labda siku hiyo nilikuwa nimetoroka.

Mkalimani alikuwa Louis Leakey, yule yule wa mafuvu ya Olduvai. Kikikuyu alikijua vizuri sana, lakini alikuwa ameshajitokeza wazi dhidi ya Mau Mau na alikuwa akiisaidia serikali. Utetezi ukalalamika, mvutano ukaendelea, mwishowe Leakey akaacha kazi ile. Nakumbusha: kizimbani ameketi mzee ambaye ukalimani wa mahakama aliwahi kuufanya kwa mshahara.

Shahidi mkubwa wa serikali alikuwa Rawson Macharia. Alidai alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo mwezi Machi 1950. Angalieni hiyo tarehe. Mau Mau ilipigwa marufuku Agosti 1950. Utetezi nao ukaeleza kwamba Kenyatta aliilaani Mau Mau hadharani kwenye mkutano mkubwa Kiambu, Agosti 1952. Thacker akamwamini Macharia. Katikati ya kesi Pritt alipeleka simu ya maandishi kwa wabunge wa London kulalamika jinsi haki inavyominywa, Thacker akaona amedharauliwa, ikabidi Mahakama Kuu Nairobi iamue kama ni kosa la kuidharau mahakama. Ikaamua si kosa. Kwa hiyo utetezi ulikuwa na ushindi mmoja mdogo kabla ya hukumu.

Hukumu ikatoka tarehe 8 Aprili 1953. Miaka saba, kazi ngumu, na baada ya hapo azuiwe asirudi kwao.

Rufaa ilipofika Mahakama Kuu, mawakili wakaja na hoja ndogo. Ndogo kweli, ya aina ile ile iliyomwangusha mjomba wangu. Hawakuanza na Macharia wala kiapo. Waliuliza: huyu Thacker aliteuliwa kuwa hakimu wa wapi? Karatasi zikaangaliwa. Aliteuliwa kwa Jimbo la Kaskazini. Na Kapenguria iko jimbo gani? Bonde la Ufa! Serikali yenye ndege, majeshi na mawanasheria wote wale ilikuwa imekosea ramani. Julai 1953 majaji wakakubali kwamba hakimu hakuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi mahali pale, kwa hiyo mwenendo mzima ni batili. Miezi mitano ya kesi, mashahidi, pauni 20,000, vyote chini. Kisheria ilikuwa kama vile kesi haikuwahi kuwepo.

Hapa ndipo nilipomwelewa yule mwalimu. Nilikuwa nadhani taratibu ni mtego wa wanyonge tu. Kumbe mnyonge akiwa na wakili anayesoma mpaka mstari wa mwisho wa uteuzi wa hakimu, karatasi hiyo hiyo inaweza kuisimamisha serikali nzima.

Ila haikusimama muda mrefu. Serikali ikapanda ngazi ya juu, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ile iliyokuwa inapokea rufaa za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Mwaka ule ule wa 1953 mahakama hiyo ikaamua kwamba Thacker alikuwa na mamlaka. Kesi iliyokufa ikafufuka, ikarudishwa Mahakama Kuu isikilizwe kwa hoja zake nyingine. Mwanzoni mwa 1954 watano wakagonga mwamba. Hatua ya mwisho ilikuwa Baraza la Malkia kule London, ambalo ndilo lilikuwa kileleni kwa makoloni yote. Mwaka 1954 likakataa hata kutoa ruhusa ya kukata rufaa. Kwa maana nyingine, halikuingia ndani ya kesi kabisa. Mjomba nilipomsomea hapo alitikisa kichwa, akasema hiyo anaijua.

Nimesema watano. Wa sita, Achieng' Oneko, alishinda rufaa. Alikuwa Mjaluo, mhariri wa gazeti, na hakujua Kikikuyu, lugha iliyotumika kwenye mikutano aliyotajwa nayo. Hatia yake ikafutwa. Akaenda nyumbani? Wapi! Akawekwa kizuizini kwa sheria za hali ya hatari, ambazo hazihitaji hakimu, shahidi wala ramani. Akakaa huko mpaka 1961. Wenzake waliohukumiwa na yeye aliyeachiwa, wote ndani.

Kenyatta alitumikia kifungo chake Lokitaung, na kwa kuwa alikuwa mtu mzima kuliko wenzake akapewa kazi ya kuwapikia. Mwaka 1958 Macharia akaapa mbele ya sheria kwamba ushahidi wake wa Kapenguria ulikuwa wa uongo na kwamba aliahidiwa zawadi. Serikali ikamshtaki. Msidhani alishtakiwa kwa kudanganya mwaka 1952. Alishtakiwa kwa kusema kwamba alidanganya! Mahakama ikaona kiapo kipya ndicho cha uongo, akafungwa. Mimi hapo nilifunga kompyuta nikaenda kunywa chai.

Kifungo kilikwisha 1959, akahamishiwa Lodwar, kisha Maralal, na Agosti 1961 akarudi Gatundu. Waziri Mkuu Juni 1963, uhuru Desemba mwaka huo, Rais Desemba 1964. Hizo mnazijua.

Sasa wadau wa Kenya msinirushie mawe kwenye maoni, lakini maisha ya mtu tunayasoma yote. Mwaka 1966 serikali ya Mzee ilirudisha kwa nguvu sheria ya usalama iliyoruhusu kumweka mtu ndani bila kumshtaki. Mwaka ule ule Oneko, ambaye alikuwa waziri wake, alijiuzulu akaingia chama cha upinzani cha Oginga Odinga. Kaggia naye alitoka, akafungwa 1968 kwa habari ya mkutano usio na kibali. Oktoba 1969, baada ya vurugu na risasi za Kisumu, Oneko na Odinga wakawekwa kizuizini. Bila kesi. Odinga alitoka 1971. Oneko alikaa mpaka 1975.

Linganisheni na Paul Ngei, mwenzao mwingine wa Kapenguria. Mahakama ilimkuta na kosa la uchaguzi, adhabu ikawa asigombee kwa miaka mitano. Desemba 1975 Bunge likabadilisha katiba, Rais akapata uwezo wa kusamehe makosa ya aina hiyo, Ngei akasamehewa akarudi ulingoni. Wote wawili walikaa benchi moja mbele ya Thacker. Mmoja katiba ilibadilishwa kwa ajili yake, mwingine hakupata hata hakimu wa kumuuliza ameteuliwa kwa jimbo gani.

Nimejaribu kumtetea Mzee kwa hoja kwamba nchi ilikuwa changa na hofu ilikuwa nyingi. Lakini Baring naye alikuwa na hofu. Na Kenyatta ndiye mtu ambaye kesi yake iliwahi kufutwa kwa kosa la ramani, alijua kuliko yeyote thamani ya kupata japo mlango wa kuingilia mahakamani.

Alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshakufa mwaka mmoja kabla yake, pamoja na Jumuiya ile ya zamani. Oneko aliishi kuliko wote sita, akafariki Juni 2007.

Mjomba amepata mtu wa kumsaidia kuiomba mahakama imruhusu kurudi na kumbukumbu zilizokamilika. Safari hii karatasi nimezihesabu mimi mwenyewe, mara mbili. Mwenye mzee wake aliyefanya kazi Kitale au Kapenguria miaka ile, au anayemkumbuka Thompson wa Moshi, aandike hapo chini, hata kwa kifupi.