Balanchine: Mtu aliyeondoa hadithi kwenye baleti

Hebu nikuulize, wewe kijana wa Ukunda, Msambweni au Kinango. Ulipokuwa ukitazama sengenya arusini, zumari likilia na ngoma zikijibu, uliwahi kuuliza hadithi yake ni ipi? Hukuuliza. Uliangalia mabega na miguu, ukaona raha, basi.

Kuna mtu aliyetaka baleti itazamwe hivyo hivyo. Ni George Balanchine.

Alizaliwa St. Petersburg, Urusi, Januari 1904. Baba yake alikuwa mtunzi wa muziki kutoka Georgia. Akiwa na miaka 9 alipelekwa shule ya densi ya kifalme. Mapinduzi ya 1917 yalipozuka shule ilifungwa kwa muda na njaa ikabisha hodi. Kijana huyo akawa anapiga piano kwenye kumbi za sinema ili apate chochote cha kutia tumboni. Mwaka 1924 alitoka Urusi na kikundi kidogo cha wachezaji, akabaki Ulaya. Mwaka 1933 akavuka hadi Marekani.

Sasa sikiza hapa. Januari 1934 yeye na mwenzake Lincoln Kirstein walifungua shule ya baleti New York. Wanafunzi walikuwa bado wachanga katika fani. Alipoanza kutunga Serenade walifika wasichana 17, akawapanga hao 17. Siku nyingine wakaja 9, mara 6. Mwingine angefoka na kufunga mlango. Yeye alitunga kwa wale waliokuja. Msichana mmoja akaanguka, mwingine akachelewa, na yote mawili akayaingiza katika densi. Hadi leo mchezaji huanguka jukwaani, na mwingine huingia kwa kuchelewa, makusudi kabisa.

Mwaka 1948 kikundi chake kikawa New York City Ballet. Mwaka 1957, ubaguzi wa rangi ukiwa bado umeshamiri Marekani, alimpanga Arthur Mitchell, kijana mweusi, acheze na Diana Adams, mwanamke mweupe, katika Agon. Mwaka 1967 akatoa Jewels, yenye sehemu tatu: zumaridi, yakuti na almasi. Ni onyesho zima la jioni, na halina kisa hata kimoja.

Hakuwa malaika. Alioa wachezaji wanne na ndoa zote zikavunjika. Tena alipenda wasichana wembamba wenye miguu mirefu, na wengi waliumia wakiutafuta mwili huo.

Alifariki New York, Aprili 30, 1983, akiwa na miaka 79.

Basi ukipata nafasi ya kutazama baleti, hata kwenye simu, usihangaike kutafuta nani anampenda nani. Sikiliza muziki, fuata miguu. Na kikundi chenu cha ngoma kikiita mazoezi ya watu 17 wakaja 6, msirudi nyumbani. Anzeni na hao 6.